Siku 8 zililipwa, saa 90 hazikuhesabiwa: kisa cha mwanafunzi msaidizi wa utafiti Pemba

Kisa hichi mwenyewe kanipa ruhusa nikiandike, sharti lake moja tu, nisitaje jina lake wala chuo chake wala dokta wake, na sharti hilo nimelikubali maana wote wawili bado wanafanya kazi pamoja. Ni binti wa mwaka wa tatu, anasoma chuo kimoja Unguja, kwao ni kijiji cha pwani wilaya ya Micheweni huku Pemba. Lekchara wake, ndo huyo dokta mwenyewe, alimpa kazi ya malipo ya usaidizi wa utafiti, RA kama wanavyoiita wenyewe vyuoni, kuwahoji kinamama wakulima wa mwani. Kazi ya kijijini aliifanya siku 8 na pesa yake akaipata yote bila kuzungushwa. Tatizo likaja baada ya hapo, kwenye kazi iliyofuata ya mezani, ya kuandika rekodi, ambayo hakuna aliyeitaja wakati wanakubaliana, na ambayo ukiihesabu kwa saa ni kubwa kuliko ile iliyolipwa.

Mie kazi yangu ni kusimamia timu za wadadisi huku Pemba, leo mradi huu kesho mradi ule, na jambo hili naliona linajirudia mno, anayeumia ni mwanafunzi na mara nyingi hakuna aliyekusudia kumuumiza. Ndo maana nataka nikipitie chote tokea mwanzo, na pesa zenyewe ntazitaja, kwa sababu bila ya kutaja pesa mazungumzo haya huwa yanaishia kwenye malalamiko tu.

Kwanza kwa nini kazi hizi zipo. Pemba kisiwa kidogo lakini kinatafitiwa sana. Pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri tokea mwaka 2000, na tafiti za minyoo na kichocho zimepita skuli na shehia nyingi za kisiwa hichi. Unguja kuna vyuo vikuu, SUZA na Zanzibar University kule Tunguu, Sumait iko Chukwani, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Buyu. Halafu kuna mwani wenyewe. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kikaja na huku, na sasa mwani mwingi wa Zanzibar unatoka Pemba na wakulima wake wengi ni wanawake. Kuna mwani wa aina ya spinosum, hii ni ngumu haifi ovyo lakini bei yake ndogo, na kuna cottonii yenye bei nzuri zaidi lakini maji yakipata moto inaoza mkononi. Bahari inazidi kupata joto, sasa anayetafiti mabadiliko ya tabianchi anakuja kwa mama wa mwani, anayetafiti afya ya mgongo na macho anakuja kwa mama huyo huyo, anayetafiti kipato cha wanawake pia anakuja kwake. Na mama huyo huwezi kumhoji ukapata jambo la maana kama wewe ni mwanamme wa mjini umevaa viatu unamsomea dodoso kwa Kiswahili cha ofisini. Anatakiwa msichana anayeijua pwani, anayejua kuamkia, anayeelewa anachojibiwa. Hapo ndo binti wetu alipopata nafasi, na nataka hili likae kichwani mpaka mwisho wa kisa, kwamba hakupewa kazi kwa kuonewa huruma, alipewa kwa sababu bila ya mtu kama yeye utafiti ule usingekwenda.

Makubaliano yalikuwa hivi. Dokta alimwita baada ya kipindi akamwambia, mwanangu nina mradi wa mwani, nataka mtu wa Micheweni, utakwenda na wenzio wawili wakati wa likizo, siku 8, posho 25,000 kwa siku, na uzoefu utaupata. Malazi hayakutajwa maana yeye kwao kuko huko huko. Nauli ya boti haikutajwa vile vile. Akajibu, sawa Dokta, nashukuru sana. Basi, huo ndo ulikuwa mkataba wote, hakuna karatasi, hakuna hata meseji ya WhatsApp ya kuthibitisha.

Watu watasema alikuwa mjinga, angeuliza. Hebu tuwe wakweli. Binti wa miaka 22, wa Kipemba, kalelewa kwamba mwalimu hajibizwi, kasimama mbele ya dokta ambaye ndo anayemsahihishia mitihani na pengine ndo atakayemsimamia utafiti wake wa mwisho, atauliza vipi "na nauli je, na baada ya siku 8 kuna kazi gani nyengine?" Anaona akiuliza pesa ataonekana ana tamaa na nafasi atapewa mwengine, na wengine wapo, wanaisubiri. Mie simlaumu hata kidogo. Mwenye nguvu pale ni dokta, na mwenye nguvu ndo anayepaswa kuyataja yote mwanzo.

Nauli ya boti katoa mfukoni kwenda na kurudi. Angekuwa nyumbani kwa likizo hata hivyo, wanaweza kusema, lakini alikwenda mapema kuliko alivyopanga na alirudi kwa ajili ya kikao cha timu, sasa safari moja angalau ilikuwa ya kazi kabisa.

Kijijini kazi ilikwenda vizuri na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo palipo na jambo ambalo baadae lilitaka kusahauliwa. Walianza kwa sheha kama inavyotakiwa, na barua, na kibali cha utafiti, na kwa kuwa dodoso lilikuwa na maswali ya afya walikuwa na idhini ya ZAHREC, ile kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar. Sheha akawatafutia mtu wa kuwazungusha. Siku ya kwanza ilikuwa ya kujaribu dodoso. Dodoso lilikuwa kwenye Kobo, programu ya kujazia dodoso ndani ya simu, na swali moja kubwa lilikuwa "kwa mwezi unapata shilingi ngapi kutokana na mwani?" Mama wa kwanza aliyeulizwa alikuwa anaanua mwani kwenye chanja, akamwangalia akacheka, akasema, "Mwezi? Mwanangu, mie nahesabu bamvua, mwezi wa mshahara n'nao?" Wa pili akataja namba tu ili amalize. Wa tatu akataja namba nyengine halafu akaibadilisha alipokumbuka kwamba mara ya mwisho hakuuza kabisa.

Mwenye kuijua pwani anaelewa. Kazi ya mwani inafuata maji, bamvua likitoka, yaani maji yakipwa sana, ndo watu wanashuka, na bamvua huja mara mbili kwa kila mwezi mwandamo, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Mwani wenyewe unakaa baharini kama wiki 6 ndo uvunwe, unaanikwa, halafu unauzwa mkavu kwa kilo siku ambayo mnunuzi yupo. Hakuna pesa ya mwezi pale. Kuna pesa ya mauzo. Na kwenye mauzo hayo pengine mnunuzi anakata kwanza thamani ya kamba na tai tai, vile vikamba vya kufungia mwani, alizokukopesha. Binti usiku ule akampigia Dokta, akamwambia Dokta samahani, swali la mwezi litatupa namba za uongo, tuulize mara ya mwisho umeuza kilo ngapi, bei ilikuwa ngapi, ulikatwa kiasi gani, na mara ya kabla ya hapo uliuza lini. Dokta, na hapa namsifu kwa dhati, hakukaidi. Akabadilisha dodoso usiku ule ule, akaiandikia kamati kuhusu marekebisho, na wakasubiri mpaka walipojibiwa ndo wakaanza kukusanya rasmi.

Halafu akapanga ratiba ya siku upya, maana wenzake walitaka kwenda asubuhi na asubuhi zile maji yalikuwa yametoka, kinamama wote wako baharini, nyumbani ungekuta watoto tu. Wakawa wanakwenda alasiri. Vitu viwili hivi, swali na saa, vimeokoa data nzima, na havifundishwi darasani.

Kwenye siku zile 8 dodoso zilikamilika zote, na pamoja na dodoso alifanya mahojiano marefu 22 ya kurekodi, kila moja kama dakika 50. Karekodi kwa simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe kapandisha. Akalipwa 200,000 zake. Mpaka hapo hakuna wa kulalamika.

Wiki iliyofuata likaja faili la maelekezo kwenye WhatsApp. "Rekodi zote ziandikwe neno kwa neno, halafu zitafsiriwe Kiingereza, nazihitaji kabla ya mwisho wa mwezi." Wenzake wawili walikuwa wamefanya dodoso tu, kwa hiyo rekodi zote zikamwangukia yeye.

Kwa asiyewahi kuifanya kazi hii, sikiliza. Mahojiano 22 ya dakika 50 ni saa 18 na kitu za sauti. Saa moja ya sauti safi, mtu aliyezoea anaiandika kwa saa 4 mpaka 6. Na hii haikuwa sauti safi, imerekodiwa uani, upepo wa pwani unapiga maiki, kuku wanalia, jirani kaingia kusalimia na salamu zenyewe za Kipemba haziishi haraka, mama anaongea kwa kasi na maneno mengine hata msichana wa Micheweni anayeishi mjini inabidi ayarudie. Anasikiliza sekunde tano, anasimamisha, anaandika, anarudisha nyuma, kwa sababu alisikia "kumi na mbili" au "kumi na mbivu", kumbe mama alikuwa anazungumzia ndizi. Tuchukue saa 5 kwa saa moja ya sauti. Saa 18 mara 5 ni saa 90. Ukigawa kwa siku ya kazi ya saa 8 ni siku 11 na zaidi, na tafsiri ya Kiingereza bado haijaguswa. Siku za kijijini zilikuwa 8. Kwa hiyo kazi ambayo haikutajwa ilikuwa kubwa kuliko kazi iliyotajwa, na malipo yake yalikuwa sifuri.

Na aliifanya masomo yameshaanza. Mchana darasani, usiku hedfoni masikioni chumbani na wenzake watatu wamelala. Wiki moja Dokta alikuwa anasukumwa na wenzake wa nje, akamwambia nataka angalau 10 kabla ya Jumapili, akakesha, Jumatatu asubuhi kulikuwa na test ya kozi nyengine kwa lekchara mwengine kabisa, akapitiwa na usingizi akafika wameshatoka. Lekchara yule hakumrudishia. Alama zile zilipotea na hazijarudi mpaka leo, na hizi ni alama zinazoingia kwenye matokeo yake ya mwisho, atakwenda nazo maisha.

Alipokuja kwangu alikuwa ameshaandika 14, zimebaki 8, na alikuwa analia. Rafiki zake walikuwa wameshampa ushauri, usimtumie kitu, zuia rekodi mpaka akulipe, data iko kwenye simu yako yeye atafanya nini. Nilimkataza kwa nguvu zote. Sauti zile si zake na si za Dokta, ni za kinamama waliotia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa iliyosema sauti zao zitatumika kwa utafiti huu na zitahifadhiwa kwa siri. Kuzifanya rehani ni kuwavunjia wao ahadi kwa ugomvi usiowahusu, na zaidi ya hapo anayezuia data ndo anayegeuka kuwa mkosa siku hiyo hiyo, haki yake yote inayeyuka. Nikamwambia tuma zote 14 leo. Halafu andika.

Kabla ya kuandika tulikaa tukahesabu, na hesabu hii naiweka hapa kwa sababu mtu yeyote anaweza kuitumia. Siku ya kijijini ililipwa 25,000. Siku ya saa 8, ina maana saa moja ni kama 3,100. Saa moja ya sauti inachukua saa 5 za kazi, ina maana ni kama 15,600 kwa kila saa ya sauti. Tukaweka 15,000. Mara 18 ni 270,000. Hatukutafuta bei za wadadisi wa mashirika wala bei za Dar es Salaam, tulichukua bei ambayo Dokta mwenyewe aliikubali kwa saa ya kijijini tukaipeleka kwenye saa ya mezani. Bei hiyo ni ngumu kuikataa, maana ukiikataa unasema saa ya usiku ya mwanafunzi huyo huyo ina thamani ndogo kuliko saa yake ya mchana.

Meseji aliyoituma ilikuwa hii, naiweka kama ilivyo:

"Assalam alaykum Dokta, shikamoo. Nakushukuru sana kwa nafasi uliyonipa nimejifunza mengi. Mpaka leo nimeandika mahojiano 14 kati ya 22 na yote nimekutumia kwa imeili. Rekodi zote pamoja ni kama saa 18 na saa moja ya sauti inanichukua kama saa 5 kuiandika. Malipo ya kazi hii hatukuyazungumza mwanzo. Naomba Dokta tukae tuyazungumze kabla sijaendelea na 8 zilizobaki, na masomo yangu pia nataka niyaangalie. Siku yoyote utakayonambia ntakuja."

Hakuna neno la ukali hapo. Hakuna lawama. Lakini kila kitu kimo, kazi iliyofanyika, iliyobaki, muda wake, na kwamba kuna kusimama kabla ya kuendelea. Aliniuliza mara tatu kama si utovu wa adabu. Nikamwambia kaanza kwa salamu, kashukuru, kaomba kikao, adabu gani nyengine inatakiwa?

Dokta akajibu siku ya pili yake, "Waalaykum salaam, marahaba mwanangu, njoo Jumanne." Jumanne akaenda.

Na Dokta akamwambia jambo ambalo naliamini. Kwamba yeye hakujua kama ni saa 90. Kwamba alivyokuwa mwanafunzi alimfanyia profesa wake kazi kama hii bila ya kulipwa na akaona ndo njia ya kujifunza, na hizo 25,000 za kila siku yeye alizihesabu kama malipo ya kazi yote. Akafungua bajeti ya mradi mbele yake, na humo kulikuwa na kifungu cha uchakataji wa data, kimepitishwa na mfadhili, kina pesa, na pesa hizo alikuwa kaziweka za mtakwimu. Sehemu ilikuwa bado haijatumika.

Hapa ndipo kwenye kiini cha kisa hichi kwangu mimi. Pesa ilikuwepo. Miradi mingi inayofadhiliwa ina kifungu cha namna hii, kwa sababu aliyeandika maombi ya fedha huko mwanzo anajua kwamba rekodi hazijiandiki zenyewe. Kinachotokea ni kwamba bajeti iko kwenye kompyuta ya mtu mmoja na kazi iko kwenye simu ya mtu mwengine na hawajawahi kukaa meza moja. Mwanafunzi anadhani akidai anamtoa Dokta pesa mfukoni mwake. Dokta anadhani mwanafunzi anafurahia uzoefu. Na kifungu kinabaki, mwisho wa mradi kinahamishiwa kwenye warsha ya siku moja hotelini.

Kuna vyuo nje walishaliona hili zamani. MIT kule Marekani wana mpango wa UROP tokea mwaka 1969, aliuanzisha Margaret MacVicar, na pale mwanafunzi anayefanya utafiti na mwalimu anachagua alipwe, au apate krediti ya masomo, au ajitolee, na kwa kazi ile ile huwezi kuchukua malipo na krediti vyote viwili. Sisemi tuige chuo chenye mali kama kile. Nachokitaka mie ni kitu kimoja kutoka pale ambacho hakigharimu shilingi, kwamba mwanafunzi anaandika mpango wa kazi na anajua yuko kwenye fungu gani kabla hajaanza. Huku kwetu mafungu yote yamechanganyika. Mwanafunzi huyo huyo ana mafunzo kwa vitendo ambayo ni sehemu ya digrii, ana utafiti wake wa mwisho ambao ni wa alama, na ana kazi ya RA ambayo ni ajira, na yote anayafanya chini ya mwalimu yule yule, sasa mwalimu akisema "utajifunza" hujui anazungumzia lipi. Kama ni ajira, iitwe ajira.

Walivyokubaliana ni hivi. 15,000 kwa saa ya sauti kwa rekodi zote 22, pamoja na zile 14 za nyuma, jumla 270,000. Tafsiri ya Kiingereza akaipunguza, zitafsiriwe zile sehemu tu zitakazonukuliwa kwenye ripoti, na hilo peke yake lilimwokolea siku nyingi. Nusu ya pesa akapewa wiki ile na nusu baada ya kumaliza, ingawa hiyo nusu ya pili ilichelewa mpaka mitihani ikapita. Nauli ya boti hakurudishiwa, Dokta alisema mfadhili anataka risiti na tiketi alishaitupa. Hilo liwe somo la bure kwa kila anayepanda boti kwa kazi ya mtu, tiketi itunze hata kama hujaahidiwa chochote. Na rekodi baada ya kukabidhi akazifuta kwenye simu mbele ya Dokta, jambo ambalo lilitakiwa lipangwe mwanzo maana simu ile ilikuwa inachezewa na wadogo zake kila akiwa nyumbani.

Limebaki jambo la jina, na hili ndo watu wanalokosea zaidi. Binti alitaka aombe jina lake liwekwe kwenye makala itakayochapishwa. Nikamwambia usiombe jina. Omba kazi ya kuandika. Kuna kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu, ICMJE, ambayo masharti yake majarida mengi ya afya yanayafuata. Masharti ni manne na lazima yatimie yote: uwe umechangia kwa kiasi kikubwa kwenye kuubuni utafiti au kukusanya data au kuichambua, uwe umeandika au umeipitia rasimu kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Anayetimiza sehemu tu anatajwa kwenye shukrani. Sasa yeye la kwanza analo bila ya shaka, kahoji watu 22 na lile swali la kipato kalitengeneza yeye. Lakini matatu yaliyobaki hawezi kuyatimiza akiwa amekaa nyumbani anasubiri. Na masharti yenyewe yanasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika na kupitia, yaani mlango asifungiwe. Kwa hiyo ombi lake likawa, Dokta naomba niandike rasimu ya sehemu inayoeleza namna tulivyokusanya data. Dokta akakubali pale pale. Nadhani alifurahi, maana sehemu ile hakuna anayependa kuiandika na yeye hakuwepo siku ile kwenye chanja.

Kuna walionambia kwamba binti kabahatika, dokta wake mwema, wengine wangemwambia ondoka na jina lako likatike kwenye orodha. Wapo wa namna hiyo, sikatai, na kwa hao meseji nzuri haitoshi, hapo unamaliza ulichokubali, unakabidhi data, unakwenda kwa mkuu wa idara ukiwa na daftari la saa zako. Lakini katika niliowaona mie wengi ni kama huyu, watu waliofundishwa kwa kunyimwa na hawajawahi kuulizwa swali kwa heshima na mwanafunzi aliyekuja na hesabu mkononi.

Sasa kuna awamu ya pili ya mradi, wanakwenda vijiji vya upande wa Wete, na kaitwa tena. Safari hii kabla ya kusema ndio aliandika nusu ukurasa akaupeleka, Dokta akarekebisha kidogo wakatia saini wote wawili. Imeandikwa siku ngapi za kijijini na posho yake, ambayo imepanda kuwa 30,000, imeandikwa saa ya sauti kwa 18,000 kwa kufuata hesabu ile ile, rekodi zimegawiwa kwa wadadisi wawili badala ya mmoja. Imeandikwa simu ni ya mradi na bando ni la mradi. Imeandikwa kwamba wiki za test na mitihani hapokei kazi, na tarehe za wiki hizo zimetajwa. Malipo yasizidi wiki mbili baada ya kukabidhi. Kuhusu jina imeandikwa kwamba atashirikishwa kwenye rasimu na atapewa muda wa kuisoma kabla haijatumwa, bila ya ahadi kwamba jina litakuwepo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tiketi ya boti inakatwa na mradi kabla hajaondoka.

Kitu kimoja hawakukubaliana. Alitaka iandikwe nini kitatokea akiumwa katikati ya kazi, baharini mule kuna miba na miamba, na mwenzake mmoja mara ile alichanika mguuni akajitibia mwenyewe. Dokta kasema hana kifungu cha matibabu kwenye bajeti hii, ataliweka kwenye maombi yajayo. Kwa sasa kanunua viatu vya mpira jozi tatu na kisanduku cha dawa, kwa risiti. Binti kaona atakwenda hivyo hivyo, na wanaondoka bamvua likipita.